Ramani ya Mafuriko Isiyo na Mwenyewe: Namna ya Kuihuisha Pamoja na Serikali ya Mtaa

Kabla hujashika kalamu wala simu, fika ofisi ya mtaa uulize swali moja: ramani ya mafuriko ya eneo hili iko wapi, na ni ya mwaka gani? Huenda ukaoneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani, imepauka kwa jua, haina tarehe. Huenda mtendaji akakwambia iko halmashauri, na halmashauri wakakwambia walikuwa nayo watu wa mradi, na mradi ulishafungwa. Dar es Salaam haina uhaba wa ramani za mafuriko. Ina uhaba wa watu waliokabidhiwa kuzitunza. Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati ya maafa, kijana mwenye simu janja au ofisa wa manispaa anayetaka ramani iliyopo iseme kweli tena kabla ya masika.

Ramani ya mafuriko huzeeka upesi kuliko ramani ya barabara, na bonde la Msimbazi linaonesha sababu zake. Mto huu wa kilomita 35 hivi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini karibu na Daraja la Salender, na unashuka na mchanga. Mchanga huo unatua sehemu za chini, Jangwani na jirani zake, kina kinapungua, na mvua ambayo zamani ilipita ndani ya mto leo inapita sebuleni. Huku juu nako hakujatulia. Mtu anamwaga kifusi kiwanjani kwake ainuke kidogo, na maji yaliyokuwa yakipita kwake yanahamia kwa jirani. Barabara ya mtaa inapandishwa na kuwekwa zege, nyumba za kando zinabaki chini yake. Ukuta wa uzio unakatiza njia ya maji. Karavati linaziba kwa chupa na magunia. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye ramani iliyochorwa miaka minane iliyopita.

Hata hivyo usianze sifuri. Mwaka 2011 kata ya Tandale ilichorwa na wanafunzi wakishirikiana na wakazi, na mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria uliopanua kazi hiyo kwenye kata nyingi za jiji zinazokumbwa na mafuriko. Benki ya Dunia iliudhamini, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na Msalaba Mwekundu wakashiriki. Wanafunzi walipita vichochoroni wakiongozana na wenyeji, wakaandika nyumba, mitaro, madaraja, visima na vyoo. Data hizo ziko OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, bure, na kila mtu anaweza kuzifungua leo. Fungua eneo lako, chapisha kwenye karatasi kubwa, kisha tembea nayo. Kazi yako ni kufuta kisichokuwapo, kuongeza kilichozaliwa, na juu ya yote kuandika maji yanafika wapi sasa.

Nani mwenye mtaro?

Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wananchi, mtendaji wa mtaa ameajiriwa. Barua yako ya kuomba kuihuisha ramani imfikie mtendaji, nakala kwa mwenyekiti, nakala nyingine kwa mtendaji wa kata. Ukimruka mmoja wao kazi itasimama siku ya kwanza mtakapoonekana na vishikwambi mitaani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo usiombe kama mtu anayeomba hisani. Omba kamati ikae, na ramani iwe ajenda.

Kupanda juu ya kata ndiko kwenye msitu. Mipango miji na mazingira wako manispaa. Barabara za mitaa na mitaro yake ni za TARURA. Barabara kuu kama Morogoro ni za TANROADS. Mto wenyewe unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, utabiri wa mvua ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na maafa kitaifa yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Karavati moja linaweza kuwa na ofisi tatu zinazolikana. Ndiyo maana nashauri jambo ambalo ramani nyingi hazina: mbele ya kila mtaro, karavati na daraja, andika ni la ofisi gani. Malalamiko mengi ya mitaro hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Ramani inayotaja mwenye mtaro inamnyima mtu nafasi ya kusema "hilo siyo letu", na ofisa mwema inampa hoja ya kuombea bajeti.

Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, yenye muhuri wa mtaa. Nani anakusanya, nani anahakiki, nani anatunza faili na nakala ya pili iko kwa nani, ramani itahuishwa lini tena, na taarifa zipi hazitakusanywa kabisa. Wanaofadhili miradi hupenda kuanza na programu za kompyuta na mafunzo ya siku tatu hotelini. Mimi ningeanza na ukurasa huu. Programu zinabadilika, watendaji wanahamishwa vituo, lakini karatasi yenye muhuri iliyoko kwenye faili la mtaa mtendaji mpya ataikuta.

Hofu ya alama nyekundu

Mwezi Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilibomolewa kwa mamia, nyingine zikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu zikisubiri zamu. Mwenyeji wa bondeni hajasahau. Kijana akipita na kishikwambi akipiga picha kuta, swali la kwanza atakaloulizwa ni "mnakuja kubomoa?", na aliyemuuliza ana haki. Nairobi nako, baada ya mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na mabanda ya Mathare yakashushwa. Mkazi wa kando ya mto, wa huku au wa kule, amejifunza kuwa kalamu hutangulia tingatinga.

Usimdanganye. Usiseme "ramani hii haitatumika kubomoa", kwa sababu huna mamlaka hayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na sheria hiyo ilikuwapo kabla ya ramani yako na itakuwapo baada yake. Unachoweza kumwambia kwa uaminifu ni hiki: hatuandiki jina lako, hatuandiki kama wewe ni mwenye nyumba au mpangaji, hatuandiki hati, na utaiona ramani kabla haijatoka hapa mtaani. Halafu timiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wako ofisa fulani akikutaka uongeze safu ya majina kwenye fomu. Mwambie ramani ya mafuriko inaeleza maji na ardhi; orodha ya wakazi ni kazi nyingine, ina fomu yake na idhini yake.

Zipo pia hofu zinazopotosha vipimo, nazo huzungumzwa kwa nadra. Mwenye nyumba ya kupangisha anapenda maji yaonekane mafupi, kwani nyumba ikijulikana inajaa kodi inashuka. Anayesikia habari za fidia, hasa tangu mradi wa uendelezaji wa bonde la Msimbazi uanze kuhesabu nyumba, anaweza kuyarefusha. Mpangaji aliyehamia mwaka jana atakwambia hapa hapajai, na anasema kweli anayoijua. Kwa hiyo usichukue kauli moja. Chukua tatu kwa kila kituo, ikiwemo ya mtu asiye na nyumba pale: mama lishe wa kona ile, fundi baiskeli, bodaboda wa kijiweni anayejua barabara ipi ikijaa huwezi kupita. Mjumbe wa shina anafahamu kila mlango, ila kumbuka mashina ni muundo wa chama. Kwenye mtaa wenye vyama mchanganyiko, hakikisha timu ina watu wa pande zote, la sivyo ramani itaitwa ya chama fulani kabla haijakauka wino.

Kupima maji yaliyokwisha kauka

Swali baya kuliko yote ni "maji yalifika wapi?" Litakuletea jibu la "yalijaa sana". Uliza walichofanya usiku ule. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Bibi, ile masika mliyohama, godoro mliliweka wapi?"

"Juu ya meza. Meza nayo ikaanza kuelea, tukalipandisha juu ya kabati."

"Na nyie mkatokea mlango gani?"

"Huu wa uani, huo mwingine ulikataa kufunguka, maji yalikuwa yanausukuma."

Hapo umepata mengi kuliko fomu nzima. Meza ikielea, kimo kinajulikana. Mlango uliokataa unakuonesha maji yalitokea upande gani. Sasa mwombe bibi au mjukuu wake asimame ukutani aoneshe yalipomfikia, na wewe pima kwa futikamba. Kifundo, goti, kiuno na kifua ni vipimo vizuri vya kuulizia na vibovu vya kuandikia, maana kiuno cha bibi si kiuno cha mjukuu. Andika sentimita. Pima kutoka ardhi ya nje, usipime kutoka sakafu ya ndani, kwa sababu wengi wameshanyanyua sakafu mara moja au mbili, na ukichanganya ndani na nje nyumba zinazopakana zitaonekana kama ziko kwenye mabonde mawili.

Mstari wa tope ukutani ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu, lakini haudumu. Watu wakirudi wanasafisha, na wenye uwezo wanapaka rangi. Ndani ya wiki moja baada ya mafuriko timu iwe imepita, imepiga picha kila mstari ukiwa na futikamba pembeni, na imeandika namba ya nyumba. Namba za anwani za makazi zilizobandikwa tangu zoezi la mwaka 2022 zinafaa sana hapa. Tarehe zifungeni kwenye matukio ambayo kila mtu anayakumbuka. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini na kuwapeleka waathirika Mabwepande, ni kigezo ambacho hata aliyekuwa mtoto wakati ule anacho. Yale ya Aprili 2018 ni kigezo kingine. Ukuta mmoja ukiwa na vimo vya miaka miwili tofauti, utaona kama maji yanapanda au yanashuka pale.

Andika pia maji yalitoka wapi, kwani dawa hutegemea asili. Kuna maji ya mto yaliyovuka kingo. Kuna maji ya mvua yaliyokosa mtaro, ambayo hukaa siku kadhaa na kuoza mahali ambapo mto haujafika kabisa. Karibu na mdomo wa mto kuna la tatu: bamvua. Pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mto hauna pa kumwaga na unarudi nyuma. Hananasif na Jangwani wazee watakueleza hili bila kufundishwa. Kwa hiyo kwenye fomu weka tarehe na saa maji yalipofika, kisha linganisha na jedwali la maji ya bahari. Na kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kutapisha vyoo. Mvua ikianza, baadhi ya wenye nyumba hufungulia mashimo yao yaende na maji. Usimtaje mtu, lakini weka alama mahali maji ya mafuriko yanapopita kwenye vyoo vya shimo. Wakati wa kipindupindu ofisa afya ataihitaji alama hiyo kuliko nyingine yoyote.

Kuhusu vifaa. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea mita chache, na kwenye vichochoro vya bati na kuta ndefu inakosea zaidi. Ndiyo maana picha ya anga iliyochapishwa, unayoweka alama kwa kalamu juu ya paa unaloliona, mara nyingi hushinda simu. Mwinuko kutoka usawa wa bahari unaosomwa na simu usiuandike kabisa. Unaweza kukosea kwa mita kumi, wakati maji unayoyatafuta ni ya nusu mita. Data za bure za mwinuko zilizokusanywa kutoka angani mwaka 2000 zina vipande vya mita 30 hivi, na ndani ya kipande kimoja cha Tandale mna nyumba kadhaa, mtaro na kichochoro. Picha za droni ni bora zaidi, ila nazo zinapima paa na miti. Kwa kulinganisha kimo cha nyumba na nyumba, mtafute fundi ujenzi wa mtaani na mpira wake mwangavu wenye maji anaotumia kupata levo ya msingi. Fundi mwenye mpira huo na vijana wawili wanaweza kuunganisha vituo vya mtaa mzima kwa usahihi wa sentimita chache. Ni ajabu namna miradi mikubwa inavyompita fundi huyu mlangoni.

Kuchora na kusoma

Rangi zisizidi tatu au nne, na zifuate kimo cha maji. Chini ya goti, goti hadi kiuno, juu ya kiuno: hivyo vinatosha kwa ramani ya ukutani, ilimradi sentimita ziandikwe pembeni. Pale ambapo hamkupima, achieni weupe na andikeni "haijapimwa". Weupe usio na maelezo husomwa kuwa ni salama, na hilo ni kosa linaloweza kuua.

Wataalamu wa manispaa au wa chuo watakuja na mfano wa kompyuta wa "mafuriko ya miaka mia". Waombe wawaeleze wakazi kwa lugha hii: ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mtu akiishi pale miaka 30 ana nafasi ya asilimia 26 hivi ya kuyaona. Hayana zamu ya kusubiri karne. Mfano wa kompyuta na vipimo vya mtaa vikipingana, msikimbilie kuamini upande mmoja. Nendeni pamoja mahali penyewe. Mara nyingi mtakuta karavati ambalo kompyuta hailijui, au ukuta mpya, au mto uliohamia.

Kuirudisha mtaani

Ramani ikikamilika, itisheni mkutano wa mtaa kabla ya kuipeleka manispaa. Itandazeni mezani, wapeni watu kalamu za rangi, waacheni wabishane. Mabishano ya jirani na jirani kuhusu maji yalipoishia ndiyo uhakiki wenyewe. Hakikisha wanawake wanafika mezani na si kukaa nyuma tu, kwani mchana mafuriko yanapoingia wengi wao ndio walio nyumbani. Masahihisho yakiisha, mtendaji agonge muhuri na tarehe, faili lipande kata na manispaa kwa barua yenye kumbukumbu namba, na data za mitaro na nyumba, bila taarifa za watu, zirudishwe OpenStreetMap.

Nakala kubwa ibaki ofisi ya mtaa, nyingine msikitini, kanisani, shuleni na kijiweni. Pembeni yake andikeni maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yanamaanisha nini hapa mtaani. Njano ni angalizo: mitaro ikaguliwe, wenye wagonjwa na wazee wajulikane. Rangi ya chungwa ni tahadhari: wa eneo la juu ya kiuno wapandishe vyombo na wajue watalala wapi. Nyekundu ni tahadhari kubwa: waondoke, na njia ya kupita iwe imechorwa kwenye ramani, na isikatize mtaro wowote unaojaa. Njia ya kukimbilia inayopita kwenye karavati bovu nimeiona kwenye ramani zaidi ya moja, imechorwa kwa mshale mzuri wa kijani.

Kuhuisha kuwe na msimu. Januari na Februari, kabla ya masika, timu itembee mitaro na kuandika kilichoziba na kilichojengwa. Baada ya kila mafuriko ipimwe mistari ndani ya wiki. Septemba, kabla ya vuli, kamati ikae na TARURA na manispaa wakiwa na ramani mezani, waulizwe alama zipi zimeshughulikiwa. Gharama yake ni nauli, uchapishaji, maji ya kunywa na posho ndogo ya vijana, na manispaa inaweza kuiingiza kwenye bajeti yake ikiombwa mapema. Usikubali ifanywe kwa kujitolea miaka yote. Kijana anayejua kutumia programu za ramani ataajiriwa kwingine, na mtaa utabaki na nywila isiyojulikana na mtu.

Manispaa isipojibu barua ya kwanza, andika ya pili ukiambatisha nakala kwa diwani, na endeleeni kupima huku mkisubiri. Mtaro mmoja uliopimwa vizuri, wenye tarehe, picha na jina la ofisi inayoumiliki, tayari ni hoja ya kupeleka kwenye kikao cha kata. Masika huanza Machi. Iandike barua ya kwanza mwezi huu.